Toa filta ya webkamu ione infraredi, alafu uhangaike na taa

Kabla hujashika bisibisi elewa kitu kimoja, huongezi chochote kwenye hiyo webkamu, unapunguza. Sensa ya ndani, ile chipu inayopokea mwanga, ni ya silikoni na silikoni inaona mpaka kwenye mawimbi ya mwanga ya nanomita 1000 na zaidi kidogo, jicho la binadamu linagota kwenye 700 hivi. Sasa kiwandani wanabandika kikioo kidogo, ndo filta yenyewe, cha kuzuia huo mwanga wa ziada unaoitwa infraredi, maana wasipoweka rangi zinakorogeka, shati jeusi linatoka la zambarau na sura za watu zinakuwa kama za wagonjwa. Sisi tunakitoa hiko kikioo basi.

Na hii sio kamera ya kuona joto, niliseme mapema maana kuna mtu ataenda nayo porini usiku akitegemea kuona fisi anawaka. Joto la mwili linatoka kwenye mawimbi marefu sana, nanomita 8000 mpaka 14000 huko, silikoni haigusi. Kitu kikipata moto wa mamia ya nyuzi ndo utaanza kukiona, mfano kaa la jiko ambalo kwa macho unaona limezima, kwenye skrini bado linang'aa vizuri tu.

Webkamu ya kutafuta ni ile ya bei ya chini kabisa, yenye pete mbele ya kuzungusha kwa mkono. Zile zinazojifokasi zenyewe ziache, lenzi yake inaning'inia kwenye vijispringi na koili, ukiigusa vibaya imekwisha. Pia kuna nyingine hazina kikioo kabisa, wamepaka dawa ya kuzuia kwenye lenzi yenyewe, hiyo ukiifungua ukakuta hivo huna la kufanya zaidi ya kutafuta lenzi nyingine ya saizi ileile. Kipimo cha kujua uko wapi ni rimoti ya king'amuzi, maana inatoa infraredi, ielekeze kwenye webkamu ubonyeze kitufe chochote huku unaangalia kwenye skrini. Kabla ya kazi utaona kidoa hafifu au usione kitu, baada ya kazi inawaka kama tochi.

Sasa vumbi. Watu wa Dar wanaweza wasielewe lakini wewe wa Nzuguni au Hombolo huku Dodoma unajua upepo wa mwezi wa saba mpaka wa tisa unavoingia hata dirisha likiwa limefungwa. Punje moja ikitua kwenye sensa unayo kwenye kila picha mpaka siku utakapofungua tena. Kwahiyo funga mlango na zima feni, deki sakafu na uiache na unyevu kidogo, fuatisha meza kwa kitambaa kibichi, ndo ufungue. Na usipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Nenda famasi kanunue ile pampu ya mpira ya kunyonyea makamasi ya watoto, ikiwa kavu inapuliza hewa safi kabisa na bei yake ni ya kawaida.

Kufungua kava kwenyewe hakuna la ajabu, skrubu moja au mbili, mara nyingi zimefichwa chini ya stika au miguu ya mpira, zingine ni za kubana tu unapenyeza kadi ya simu iliyokufa. Ukifika kwenye bodi utaona lenzi imefungwa kwa nyuzi kama za skrubu kwenye kishikio cha plastiki, izungushe kinyume na saa mpaka itoke. Ikigoma kuna tone la gundi kwenye nyuzi, likwangue na wembe au pasha kidogo kwa draya ya saluni. Lenzi ikitoka tu, tundu la sensa lizibe hapohapo kwa kipande cha selotepu kikae juu ya kishikio, kisiguse chini.

Kikioo kitakuwa sehemu moja kati ya mbili, ama kimebandikwa nyuma ya lenzi ama kimelala ndani ya kishikio juu ya sensa. Utakijua kwa rangi, ukikiinamisha kwenye mwanga kinarudisha wekundu au pinki na ukichungulia kwa kupitia kina ubuluu au ukijani kidogo. Kama kiko nyuma ya lenzi, shika lenzi kikioo kikiwa upande wa chini, ili kikivunjika vipande vidondoke mezani visirudi kwenye lenzi. Anzia kwenye kona na ncha ya wembe, usibonyeze katikati hata siku moja, maana nyuma yake kuna lenzi halisi na ukiikwaruza ndo umeikwaruza. Vaa miwani, vile vipande ni vidogo na vinaruka. Kikitoka kizima kitunze kwenye karatasi.

Ukirudisha lenzi utakuta picha ina ukungu, usishtuke. Kile kioo kilikuwa kinasogeza fokasi nyuma kwa kama theluthi ya unene wake, sasa hakipo, kwahiyo mara nyingi inabidi lenzi uizungushe ndani zaidi kidogo. Ikifika mwisho na vitu vya mbali bado havijakaa sawa, weka mahali pa kile kioo vioo vyembamba vile vya kufunikia slaidi za maabara, pachika kimoja kimoja mpaka unene ukaribiane.

Hapa una njia mbili. Ukiiacha wazi inaona vyote, mwanga wa kawaida na infraredi, na hiyo ndo nzuri kwa usiku, banda la kuku, stoo, geti. Ukitaka infraredi peke yake kwa picha za mchana unaziba mwanga wa kawaida, na kizibo cha bure ni negativu za picha za rangi za zamani, zile zilizoko kwenye bahasha za albamu za wazee. Kata kile kipande cheusi cha mwanzo wa mkanda ambacho kiliungua na mwanga kabla ya kusafishwa, weka tabaka mbili mbele ya lenzi. Iwe ya rangi lakini, negativu ya nyeusi na nyeupe imetengenezwa kwa fedha na fedha inazuia infraredi, utapata giza.

Na giza ndo malalamiko namba moja, mtu anamaliza kila kitu anafunga negativu anawasha usiku sebuleni haoni kitu anadhani ameua sensa. Taa za LED na enaji seva karibu hazitoi infraredi kabisa. Globu ya zamani ya waya inatoa nyingi, koroboi na mshumaa pia, jua ndo usiseme. Jaribu dirishani saa nne asubuhi kabla hujalia.

Ya usiku tengeneza mwenyewe. LED za nanomita 850 kamera inaziona vizuri zaidi ila zina wekundu kidogo ukizitazama, za 940 hazionekani kabisa ila picha inafifia. Kila moja inakula kama volti 1.5, kwahiyo kwenye umeme wa USB wa volti 5 funga mbili kwa mfuatano na rezista ya omu 47, utapata miliampia 40 na kitu, LED inapumua. Ukitaka kumi weka mistari mitano hivohivo kila mmoja na rezista yake, jumla karibu miliampia 200, hiyo iweke kwenye chaja ya simu sio kwenye laptopu. Usizitazame kwa karibu hata kama huoni mwanga, jicho halijui kujikinga na kitu lisichokiona. Na kamera ikiwa ndani inaangalia nje dirishani, taa ziweke nje, zikiwa ndani kioo kinakurudishia mng'ao mtupu.

Kwenye kompyuta fungua OBS, programu ya bure ya kurekodi video, ingia mipangilio ya kamera, zima rangi za kujirekebisha na mwanga wa kujirekebisha, alafu geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, ule upinki hauna kazi.

Mchana utafurahi. Majani mabichi yanatoka meupe kama yamemwagiwa chumvi, mwarobaini unang'aa, anga linakuwa jeusi, maji ya bwawani meusi. Mibuyu subiri mvua, kiangazi haina majani. Wenye zabibu watauliza kama inaonesha mzabibu mgonjwa, jibu ni kwamba picha moja ya infraredi inadanganya, hata jani kavu linarudisha infraredi ya kutosha. Unahitaji ulinganishe na mwanga mwekundu au wa buluu. Public Lab, kikundi cha sayansi ya wananchi cha Marekani, walifanya hivyo 2013 kwenye mradi wao wa Infragram, waliweka filta ya buluu badala ya negativu, chaneli nyekundu inabeba infraredi na ya buluu inabeba mwanga wa kawaida, alafu programu inapiga hesabu. Na hapo piga jani zuri na jani baya kwenye fremu moja, saa ileile, jua lilelile, la sivyo unalinganisha mawingu.