Namna ya Kuikagua Nusu Krauni ya Ayalandi Yenye Picha ya Farasi

Farasi aliyesimama bila tandiko wala mpandaji kwenye nusu krauni, sarafu ya zamani ya Ayalandi ya shilingi mbili na peni sita, ni farasi wa kuwindia wa nchi hiyo, ambaye kwa kawaida hupatikana kwa kumpandishia farasi wa asili wa mashambani mbegu ya farasi wa mbio. Alichorwa na Mwingereza Percy Metcalfe, ambaye michoro yake ilichaguliwa na kamati iliyoongozwa na mshairi W. B. Yeats, na sarafu zikatoka mwaka 1928. Wanunuzi wageni humkodolea macho farasi kwanza. Mimi humwacha hadi mwisho.

Hatua ya 1. Pima kipenyo, ambacho hupaswa kuwa milimita 32 na ushei. Ukipata 27 hivi, hiyo ni peni 20 iliyoanza kutolewa mwaka 1986 ikiwa na farasi huyohuyo.

Hatua ya 2. Geuza upande wa kinubi usome jina la nchi: Saorstát Éireann (Dola Huru ya Ayalandi) ni ya 1928 hadi 1937, na Éire ni ya kuanzia 1939.

Hatua ya 3. Hakiki madini. Hadi 1943 sarafu hii ilikuwa na asilimia 75 ya fedha; kuanzia 1951 ikawa ya shaba na nikeli. Uzito haukubadilika, gramu 14.1, na sumaku hainasi yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo maji ndiyo yatakayoamua. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa kikombe. Ya fedha husoma karibu 1.40, ya shaba na nikeli karibu 1.58. Viputo vya hewa huongeza namba, basi itikise kidogo. Ukimaliza, ikandamize kwa kitambaa laini. Ukiisugua utaichubua, na thamani itashuka.

Hatua ya 4. Soma mwaka. Ya 1943 ni adimu mno, nami singeilipia kabla haijapita mikononi mwa mtaalamu.

Hatua ya 5. Sasa mtazame farasi, hasa kwenye sarafu ya 1961. Mchoro wake ulirekebishwa kidogo mwaka 1939, lakini baadhi ya sarafu za 1961 zilipigwa kwa muhuri wa zamani. Iweke kando ya sarafu ya Saorstát, uwalinganishe farasi hao kwa kioo cha kukuzia; wakifanana kabisa, ya 1961 ilipigwa kwa muhuri huo wa zamani.