Mtu akitembea usingizini, umwamshe au umuache?

Naanza na jibu kabisa, maana inawezekana unasoma hii usiku huu huu na mtoto kasimama sebuleni. Kumwamsha mtu anayetembea usingizini hakumuui, hakumtii wazimu, moyo hausimami. Ila mara nyingi huna hata haja ya kumwamsha. Mshike kiwiko taratibu, mgeuze, mrudishe kitandani huku unaongea naye kwa sauti ya kawaida. Nenda kamlaze kwanza, haya mengine utayakuta.

Mi nimekua nikiambiwa na bibi kwamba mtu akilala roho yake inatoka inaenda kutembea, sasa ukimshtua kabla haijarudi anaweza asiamke tena au akaamka akili zimeruka. Bibi hakuwa muongo, ndivyo alivyoambiwa na yeye, na kwa kweli imani hiyo ilikuwa na faida yake kwa sababu ilizuia watu wasimrukie mtu aliyelala wakamtikisa. Shida ni kwamba watu wengine wanaogopa hata kumgusa, wanabaki wanamwangalia tu anafungua komeo anatoka nje, na huko nje ndiko kwenye kisima, ndiko kwenye barabara. Hatari iko kule anakoelekea na kwenye alichoshika mkononi, haiko kwenye kuamshwa.

Wangu alianza akiwa na miaka saba. Ilikuwa kama saa nne na nusu usiku, nipo jikoni naipua maharage, nikasikia kitu kinaburuzwa, kugeuka namwona kasimama mbele ya ndoo ya maji ya kunywa, chandarua kimemning'inia begani, mfuniko kautoa kauweka chini vizuri tu bila kelele, macho wazi kabisa, anashusha bukta. Yaani yeye anaona yuko chooni. Nikamwita jina mara mbili, kimya, ananitazama lakini hanioni. Nikamshika bega nikamwambia twende huku baba, akanifuata kama kondoo, akakojoa chooni, nikamlaza. Asubuhi namuuliza ananishangaa mimi, hakumbuki hata kidogo.

Kinachotokea ni hiki. Usingizi mzito kabisa unakuja mwanzoni mwa usiku, ndo maana hawa wanatembea saa moja mpaka tatu baada ya kulala, ni nadra alfajiri. Katikati ya uzito huo ubongo unashtuka nusu nusu, upande wa mwendo unaamka, upande wa kufikiri na kutunza kumbukumbu unabaki umelala. Kwa hiyo anaweza kufungua kitasa, kushuka ngazi, hata kukujibu neno moja, na hayupo. Kwa kawaida ni dakika chache, ikizidi sana nusu saa, anarudi kulala mwenyewe.

Sasa ukimshtua kwa nguvu mtu wa hali hiyo anaamka hajui yuko wapi wala wewe ni nani, ameshikwa gizani, anafanya ambacho mtu yeyote angefanya, anapiga, anasukuma, anakimbia. Bweni nililolala mimi sekondari wasichana walikuwa na mtindo wa kumwagia maji mwenzao anayetembea usiku, eti ndo dawa, na siku moja yule dada aliruka akajigonga na chuma cha dabodeka, akapasuka juu ya jicho. Asubuhi maneno yakawa unaona, ameamshwa akaumia. Hapana jamani, yaliyomuumiza ni maji ya baridi na kushikwa na watu watano.

Kwa hiyo usitikise, usimwagie maji, usipige kelele, usimkabe kwa nyuma. Kaa ubavuni kwake, sio mbele ukamzibia njia. Tumia maneno mafupi aliyozoea kuyasikia, twende tukalale, mama yupo hapa. Kama anakataa kugeuka muache atembee we fuatana naye tu, toa stuli njiani, funga mlango, baada ya muda atalegea.

Kuna wakati lazima aamke, mfano ameshika kisu, anasogelea jiko la mkaa, au yuko kwenye ukingo wa ghorofa. Mwite jina lake kwa sauti inayopanda taratibu ukiwa hatua mbili tatu mbali naye, rudia rudia. Akiwa anaanguka kabisa hapo hamna kusubiri, mdake, atalia na atakurushia ngumi lakini atakuwa mzima. Akishaamka mwambie yuko wapi, wewe ni nani, na ni saa ngapi, mpe muda mpaka macho yatulie.

Na kitu kilichonitoa woga mimi kabisa ni hiki, madaktari wenyewe wanaagiza kuamsha! Kama mtoto anatembea karibu kila siku na muda ni ule ule, unaandika kwenye daftari wiki mbili, amelala saa ngapi, ameinuka kutembea saa ngapi. Ukishaona mpangilio, unamwamsha kila usiku kama dakika 15 mpaka 30 kabla ya ule muda wake, unamkalisha dakika chache, maji, choo, analala tena. Unaenda hivyo wiki mbili tatu hata nne bila kuruka siku. Inachosha, sikufichi, mimi nilikuwa naweka alamu kwenye simu saa nne na dakika tano na kuna siku nilitamani kulia. Wiki ya tatu hakuinuka hata siku moja, nikaacha kumwamsha na akaendelea kulala vizuri. Sasa kama kuamshwa kungekuwa kunaua, wangeagiza hivyo?

Nyumba nayo uitengeneze. Komeo la mlango wa nje liweke juu asikofika, kopo lenye vijiko viwili litundike kwenye kitasa cha chumba chake likujulishe akitoka, visu, panga na viberiti vifungiwe, ndoo na mapipa ya maji yafunikwe, alale kitanda cha chini na sio juu ya deka. Ila usimfungie na kufuli kwa nje, moto ukitokea utafanyaje.

Halafu angalia kinachomchochea. Kukosa usingizi ndo namba moja, mtoto aliyelala saa sita kwa sababu ya harusi ya jirani usiku huo huo anaweza kutembea. Homa, kibofu kilichojaa, mawazo ya mtihani, kelele za ghafla. Kwa watu wazima ongeza pombe na baadhi ya vidonge vya usingizi, zolpidem ni mojawapo, mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliipa lile onyo lao kali kabisa kwa sababu watu walitembea, wakaendesha magari, na wengine wakafa. Kama ulianza kutembea baada ya kuanza dawa rudi kwa aliyekuandikia.

Na kabla hujamtafuta jirani aliyemroga mtoto, waulize babu na shangazi. Utafiti wa Quebec, Kanada, uliotoka 2015 ulifuatilia watoto karibu 2000, ambao wazazi wote hawakuwahi kutembea usingizini walitembea kama 22 kwa mia, mzazi mmoja akiwa na historia ikawa 47, wote wawili 61. Hii kitu inatembea kwenye damu. Nilipouliza kwetu nikaambiwa baba yangu aliwahi kukutwa bandani kwa mbuzi, amelala. Wengi wanaacha wakifika ujana.

Hospitali uende lini. Kama anakakamaa au kurusha viungo, anatoa povu, anajing'ata ulimi, au inajirudia mara kadhaa usiku mmoja kwa namna ile ile, hiyo inaweza kuwa kifafa, mrekodi video fupi umwonyeshe daktari. Kama anakoroma sana na pumzi inakata, apimwe nyama za pua na tonsesi, wengine wakitibiwa kukoroma na kutembea kunaisha. Mtu mzima aliyeanza ukubwani, au anayepigana na ndoto usiku wa manane, naye akaonwe. Na hii naomba uishike sana, mtoto ana joto kali, anaweweseka, hakutambui na hatulii, huyo usimhesabu kwenye kutembea usingizini, inaweza kuwa malaria imepanda kichwani, mpeleke usiku huo huo.

Akienda bweni ongea na matroni mapema, uso kwa uso, mwombe kitanda cha chini mbali na ngazi, na mwambie maji yasimwagwe. Na nyumbani asubuhi msimcheke mezani mbele ya wadogo zake. Wangu alipochekwa na binamu zake alianza kuogopa kulala, akawa anakaa macho mpaka usiku mkubwa, na usingizi ulivyopungua ndo akazidi kutembea.