Jinsi ya kukokotoa mtiririko wa damu kwenye mishipa inayochipuka ndani ya uvimbe wa saratani

Anza na damu, si uchipuaji. Ukiiacha mishipa ikue kabla hujathibitisha hesabu ya mtiririko, kosa la mwanzo litaota matawi pamoja nayo.

Chora mtandao wa vifundo (mahali mishipa inapokutana au kuishia) na vipande vya mshipa, kila kipande na urefu wake L, nusu kipenyo R na mnato wa damu (ugumu wake wa kutiririka) μ. Kwa kanuni ya Poiseuille, kiasi cha damu kinachopita kwa sekunde ni Q = πR⁴ΔP/(8μL), ΔP ikiwa tofauti ya shinikizo kati ya ncha mbili za kipande. Kwenye kifundo cha ndani, damu inayoingia ilingane na inayotoka. Kwenye ncha za ateri na vena, weka shinikizo linalojulikana. Tatua shinikizo kwanza, kisha Q.

Jaribu kipande kimoja kwa mkono: R mikromita 5, L mikromita 100, μ 0.004 Pa·s, ΔP 133 Pa (yaani mmHg 1). Kasi ya wastani ni takriban milimita 1 kwa sekunde. Ukipata 4, umeweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo, na Q imezidi mara 16.

Mnato usiuache kuwa namba moja, kwani hubadilika kwa kipenyo na hematokriti (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu). Tumia fomula iliyopimwa kwenye mishipa hai, si mirija ya kioo: ukuta ulio hai una tabaka teketeke linaloongeza ukinzani. Kwenye njia panda, seli nyekundu hufuata zaidi tawi lenye kasi, na tawi jingine laweza kupitisha plazma tupu (majimaji ya damu bila seli). Ndiyo maana eneo lenye mishipa tele laweza kukosa oksijeni. Hematokriti hubadili mnato, mnato hubadili Q, Q hubadili hematokriti. Rudia mzunguko huo hadi namba zitulie. Zikiyumba, sogeza nusu tu ya badiliko kila mara.

Sasa ruhusu uchipuaji. Kokotoa msambao wa oksijeni na wa VEGF, protini inayochochea mishipa kuchipuka, kwenye gridi ya mikromita 10 hadi 20, kwa kuwa oksijeni huishia mikromita 100–200 kutoka mshipani. Sogeza ncha za machipukizi kuelekea VEGF inakozidi. Chipukizi ambalo halijaungana na mshipa mwingine halipitishi damu, ukipuuza uvujaji. Kila chipukizi linapoungana, rudia hesabu ya mtiririko.

Programu ikilalamika kuwa matriki (jedwali la namba za milinganyo ya shinikizo) haina kinyume, yaani milinganyo haina jibu moja, tafuta kisiwa: kundi la mishipa lisilo na njia ya kufika kwenye kifundo chenye shinikizo linalojulikana. Humo shinikizo laweza kuwa namba yoyote. Kitoe kwenye hesabu ya damu, ila usikifute kwenye ramani. Chipukizi jipya laweza kukiunganisha tena.