Kabla Hujaongeza IPv6 kwenye Programu Huria ya Mfumo: Mambo ya Kuzingatia

Usiguse msimbo kabla hujajua IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za mtandao, imejificha wapi. Programu nyingi za mfumo, zile zinazokaa chinichini zikisikiliza poti tangu mashine inapowashwa, ziliandikwa wakati anwani ilikuwa biti 32 na basi. Mwandishi aliiweka kwenye uint32_t, akailinganisha kwa ==, akaichapisha kwa inet_ntoa. IPv6 ni biti 128, na msimbo wa namna hiyo hauna pa kuziweka. Anza kwenye mzizi wa mradi na amri hii:

grep -rnE 'AF_INET\b|sockaddr_in\b|in_addr\b|inet_(ntoa|aton|addr)|gethostby(name|addr)' .

Kisha tafuta tena vile ambavyo amri hiyo haivioni: 127.0.0.1, 0.0.0.0, INADDR_ANY, char buf[16], %15s, na safu ya hifadhidata iliyotangazwa VARCHAR(15). Orodha inayotoka ndiyo kazi yenyewe. Ikiwa na sehemu themanini, usiwaambie watunzaji wa mradi kwamba unaleta kiraka kidogo.

Pima miundo yako. sockaddr_in ina baiti 16, sockaddr_in6 ina 28. Tumia sockaddr_storage, yenye baiti 128 kwenye Linux, kila mahali unapopokea anwani usiyojua ni ya familia gani, IPv4 (AF_INET) au IPv6 (AF_INET6). Anayeacha sockaddr_in kwenye accept, wito unaompokea mteja, haoni programu ikianguka, na hapo ndipo hatari ilipo. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, inakata anwani kimyakimya, kisha msimbo unasoma baiti nne kuanzia ya tano, ambazo kwenye IPv6 si anwani bali ni uga wa flowinfo, na uga huo kwa kawaida ni sifuri. Matokeo yake logi inaandika kwamba kila mteja wa IPv6 ametoka 0.0.0.0. Ukiona logi ya namna hiyo, usihangaike na mtandao. Rudi kwenye accept.

Kutafuta anwani za majina ya mashine: gethostbyname iondoke, getaddrinfo iingie. Pitia orodha yote inayorudishwa. Anayechukua jibu la kwanza tu ameandika programu ya familia moja, hata kama mle ndani ametaja AF_INET6.

Kwa maandishi, bafa iwe INET6_ADDRSTRLEN, yaani 46, na nafasi zaidi kama utabeba jina la kiolesura, mfano fe80::1%eth0. Anwani za fe80::/10 hazina maana bila kiolesura chake, kwa hiyo sin6_scope_id isipotee njiani kutoka kwenye faili ya usanidi hadi kwenye connect. Usilinganishe anwani kama maandishi: 2001:DB8:0:0:0:0:0:1 na 2001:db8::1 ni kitu kimoja. Zigeuze kwa inet_pton, ulinganishe baiti, na unapochapisha fuata RFC 5952, waraka wa kiwango cha kuandika anwani za IPv6. Faili za usanidi zinazokata jina na poti kwenye nukta pacha ya kwanza zitavunjika zote. Hata kukata kwenye ya mwisho hakutoshi, maana 2001:db8::1:80 ni anwani halali kamili. Dai mabano ya mraba, [2001:db8::1]:80, na yasipokuwepo kataa kwa ujumbe unaoeleweka. Usikisie.

Sasa jambo ambalo limeumiza watu wengi kuliko yote: soketi moja, yaani ncha ya mawasiliano ya programu, inayopokea familia zote mbili.

Ukifungua soketi ya AF_INET6 na kuifungia (bind) kwenye ::, yaani anwani zote za mashine, Linux kwa chaguo-msingi itapokea pia wateja wa IPv4, na kila mmoja atakuja amevaa sura ya IPv6: 192.0.2.7 anaonekana ::ffff:192.0.2.7. Inavutia, kwa sababu soketi ni moja, mzunguko wa accept ni mmoja na kiraka kinakuwa kifupi. Lakini tabia hiyo inatawaliwa na chaguo liitwalo IPV6_V6ONLY (1 ni IPv6 peke yake, 0 ni familia zote mbili), na kila mfumo una lake. Linux husoma net.ipv6.bindv6only, ambayo kwa kawaida ni 0. FreeBSD huanza na 1. OpenBSD ni 1 siku zote, haibadiliki. Msimbo usiosema lolote kuhusu chaguo hili unakuwa programu tofauti kwenye kila mashine.

Watengenezaji wa Debian, mfumo unaotumia Linux, walilionja hili. Mwishoni mwa 2009, katika maandalizi ya toleo la squeeze, kifurushi cha netbase kiligeuza bindv6only kuwa 1. Hoja yao ilikuwa na uzito: soketi ya IPv6 ipokee IPv6 peke yake, tabia ifanane na mifumo mingine. Programu zilizotegemea chaguo-msingi zikaanza kukwama. Java ndiyo iliyoumia kwa kelele zaidi. Yenyewe ilitumia soketi za IPv6 kwa kila kitu na kufika IPv4 kupitia ::ffff:, na mlango huo ulipofungwa programu za Java zikadai mtandao haufikiki, ilhali kebo ni nzima na ping inajibu. Watu wakawa wanapachika -Djava.net.preferIPv4Stack=true hapa na pale ili kazi iendelee. Chaguo likarudishwa 0 kabla ya squeeze kutoka Februari 2011. Programu iliyokuwa imeita setsockopt yenyewe kwa kila soketi haikuguswa na mabadiliko hayo kwa namna yoyote.

Kwa hiyo: fungua soketi mbili, moja ya kila familia. Ile ya AF_INET6 iwekee IPV6_V6ONLY kuwa 1, kabla ya bind, maana baada ya bind umechelewa. Usipoiweka, kwenye Linux soketi ya :: itashika poti ya familia zote mbili, na ile ya 0.0.0.0 ikifuata itapata kosa la EADDRINUSE, yaani poti tayari inatumika. Mtu ataamini kuna nakala nyingine ya programu inayokimbia, na atapoteza mchana kuitafuta.

Kama mradi unang'ang'ania soketi moja, basi safisha anwani mara tu inapoingia, kabla haijagusa kitu kingine: IN6_IS_ADDR_V4MAPPED ikikubali, chukua baiti nne za mwisho uzifanye IPv4 ya kawaida. Ruka hatua hii uone. Msimamizi ameandika kataa 10.20.0.0/16. Mteja anakuja kama ::ffff:10.20.3.7. Kanuni ya IPv4 inalinganishwa na anwani ya IPv6, familia hazifanani, kanuni inarukwa, na orodha ikiishia na ruhusu wengine wote, aliyefungiwa mlango ameingia. Hakuna ujumbe wa kosa. Andika jaribio la hali hii kabla ya kuandika msimbo wake.

Yanayobaki ni mafupi, lakini usiyaruke.

Mashine inapowashwa, anwani mpya ya IPv6 hukaa kama sekunde moja ikihakikiwa kwamba hakuna jirani aliye nayo. Katika muda huo bind kwenye anwani hiyo hurudisha EADDRNOTAVAIL, yaani anwani haipatikani. Programu inakufa wakati wa kuwaka, na msimamizi akiiwasha kwa mkono inakubali. Tumia IP_FREEBIND, chaguo linaloruhusu bind kwenye anwani ambayo bado haipo, au FreeBind=yes kama systemd ndiyo inayokufungulia soketi.

UDP, yaani pakiti zisizo na muunganisho: seva ya IPv6 huwa na anwani kadhaa, na jibu likitoka kwenye anwani tofauti na iliyoulizwa mteja atalitupa. Washa IPV6_RECVPKTINFO, inayokuonyesha pakiti ilitumwa kwa anwani ipi, ujibu kwa anwani ileile. Ruta za IPv6 hazikati pakiti kubwa njiani, na kipimo cha chini kinachohakikishwa ni baiti 1280. Toa 40 za kichwa cha IPv6 na 8 za UDP, zinabaki 1232. Ndiyo namba iliyopendekezwa kwa DNS, huduma ya majina, mwaka 2020.

Upande wa mteja, usisubiri IPv6 ife ndipo ujaribu IPv4. Connect iliyokwama inaweza kumaliza zaidi ya dakika moja. RFC 8305 inashauri milisekunde 250 kati ya jaribio na jaribio.

Jaribu kwenye mashine ya IPv6 tupu, ya IPv4 tupu, na zile zilizozimwa nusu. Kerneli iliyowashwa na ipv6.disable=1 hukataa socket kwa EAFNOSUPPORT, yaani familia haitambuliwi; ile yenye disable_ipv6=1 huikubali socket, kisha bind kwenye anwani maalumu, mfano ::1, hugoma. Zote mbili zisiiue programu kama IPv4 ipo. Nafasi za mtandao za ip netns, yaani mitandao iliyotengwa ndani ya mashine moja, zinatosha, huhitaji maabara.

Gawa viraka: kwanza miundo bila kubadili tabia, kisha majina, mwisho kusikiliza. Na usifungue :: kwa mtu aliyesasisha toleo tu. Kanuni zake za ukuta wa moto za iptables hazigusi IPv6, ip6tables huenda ni tupu, na poti iliyokuwa imefichwa itakuwa wazi kwa dunia nzima. Anayezuia wanaojaribu nywila ahesabu kwa /64, yaani kundi la anwani zenye biti 64 za kwanza zilezile, si kwa anwani moja moja, maana mteja mmoja anaweza kubadili anwani kila sekunde na asizimalize. Angalia pia hati na kurasa za msaada: mifano yote itumie 2001:db8::/32, fungu lililotengwa kwa mifano, kwa sababu watu hunakili mfano kama ulivyo na kuuweka kwenye seva iliyo kazini.