Kuchonga boga chini ya maji: mwongozo kwa wazamiaji wa Arusha na Moshi

Boga lina hewa tumboni, na hewa haikubali kukaa chini ya maji. Mzamiaji anayeshuka na boga zima mkononi huvutwa juu kabla hajachomoa kisu, na hata akifanikiwa kulikumbatia lisipande, hana tena mkono wa kuchongea. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika jikoni na uani. Chini ya maji kinatakiwa kibaki kitu kimoja tu, kukata.

Mchezo wenyewe unafahamika zaidi Marekani, ambako watu huchonga maboga kwa ajili ya Halloween, 31 Oktoba, na huko Key Largo, Florida, wazamiaji hushindana kuyachonga baharini. Sisi bahari iko mbali, lakini bwawa la kuogelea linatosha, tena kwa kazi hii ni bora kuliko bahari: hakuna mkondo, maji ni meupe, na kisu kikikuponyoka unakiona kilipo.

Anayeshuka awe na cheti cha kuzamia. Msitushawishi kwamba "ni bwawa tu". Mtu akivuta hewa ya mtungi kisha akaibuka huku amebana pumzi, mapafu yanaweza kupasuka hata kwenye kina cha mita moja na kidogo.

Mahali

Tafuta bwawa lenye kina cha mita 2 hadi 3. Mabwawa mengi ya hoteli huishia mita 1.5 au 1.8, nayo yanafaa, kwa kuwa utapiga magoti, ila utakuwa unagongana na waogeleaji. Omba saa ambayo bwawa halina watu, na mweleze mwenye bwawa ukweli wote: kutakuwa na visu, na kutakuwa na boga. Akisikia kwamba mbegu zote zitatolewa nyumbani, mara nyingi atakubali. Ukimficha akazikuta kwenye pampu, umewafungia mlango wenzako pia.

Maziwa tuachane nayo. Ziwa Duluti pale Tengeru limezungukwa na msitu wa hifadhi na maji yake ni ya kijani, huoni unachokata. Ziwa Chala, upande wa Moshi, lina kina cha karibu mita 90 na kingo zake zinaporomoka wima. Mwaka 2002 mamba alimuua msichana aliyekuwa akiogelea humo. Kwenye chemchemi ya Chemka maji ni maangavu kweli, lakini kuna mkondo na kuna watu wanajirusha kwa kamba juu ya kichwa chako. Zaidi ya hayo, kwenye maji baridi ya asili fikiria kichocho.

Boga lenyewe

Sokoni, iwe Kilombero, Tengeru au Mbuyuni, usichague boga kwa uzuri wa rangi. Chagua la kilo 3 hadi 5, lenye kitako bapa kinachokaa mezani bila kuyumba, na uso mmoja laini usio na mifereji mirefu. Libonyeze kwa kucha: kucha ikiacha alama tu bila kuzama, ganda limekomaa vya kutosha. Boga changa hukatika kirahisi lakini kingo zake huchanika vibaya zikilowa. Maboga yetu mengi yana nyama nene, sentimita 3 mpaka 5, na hapo ndipo wanaoanza hukwama: wanakata na kukata, kisu hakitokei upande wa pili.

Nyumbani, siku moja kabla, kata kifuniko juu, kuzunguka kikonyo, upana wa kupitisha ngumi. Tundu liwe juu, lisiwe kitakoni. Boga lililotobolewa chini hugeuka kengele, likikamata mapovu ya mtu anayepita chini yake linapaa upya. Kifuniko chenyewe usishuke nacho, kitaelea muda wote na kukusumbua.

Toa mbegu na nyuzi zote kwa kijiko cha chuma, kisha endelea kukwangua upande utakaochongwa mpaka ubaki unene wa sentimita 2. Pima kwa kuchoma kijiti cha meno kutokea ndani na kuona kilivyozama. Chini ya sentimita moja na nusu uso utapasuka ukibanwa kwa mpira. Juu ya mbili na nusu mkono utachoka. Mbegu zikaange, na nyama uliyokwangua inatosha futari ya watu wawili, maana baada ya bwawani boga hili halitaliwa tena. Suuza ndani mara mbili chini ya bomba hadi maji yatoke bila nyuzi.

Sasa mchoro. Kalamu ya wino usiofutika hushika vizuri ganda likiwa kavu, lakini ukiligusagusa majini kwa glavu mistari hupotea. Dawa ni msumari mwembamba: fuata mstari wa kalamu ukitoboa vidoa kila nusu sentimita, kina cha milimita 2 hivi. Wino ukifutika, unapapasa vidoa kwa ncha ya kidole na kujua ulipo. Vidoa vinasaidia kwa jambo jingine pia. Kupitia miwani ya kuzamia kila kitu huonekana kikubwa kwa theluthi moja zaidi na kipo karibu kuliko kilivyo, hivyo mkono wa mgeni hulenga pembeni. Bledi ikishaingia kwenye tundu la msumari, haitelezi.

Michoro iwe ya mistari mikubwa. Macho ya pembetatu na mdomo wenye meno matatu ni dakika 20 za kazi. Vilele vya Kilimanjaro, Kibo na Mawenzi, pamoja na tandiko kati yao hupendeza na ni rahisi, kwa kuwa ni mstari mmoja mrefu. Twiga mwenye madoa waachie wazoefu. Kati ya tundu na tundu acha daraja la sentimita 2 au zaidi.

Kulizamisha

Boga lililofunguliwa na kujaa maji halielei kwa nguvu kama zima, ila mengi bado huelekea juu taratibu, kwa sababu nyama yenyewe ni nyepesi kidogo kuliko maji. Usikisie. Lizamishe kwenye pipa la maji nyumbani, liinamishe mpaka mapovu yaishe, kisha ongeza uzito kidogo kidogo hadi litulie chini. Kisha ongeza kilo 2 juu ya hapo, kwani wewe utakuwa unalisukuma na kulivuta kwa msumeno.

Anayetaka lazima kushuka na boga zima afanye hesabu. Jaza ndoo kubwa mpaka ukingoni, iweke ndani ya beseni, didimiza boga lote, upime maji yaliyomwagika. Boga la kilo 5 likimwaga lita 6.5 linasukuma juu kwa kilo 1.5. Kilo moja ya risasi, yale madini mazito ya mkanda wa mzamiaji, ikiwa majini hubaki na uzito wa takribani gramu 910, kwa hiyo kulizamisha tu unahitaji kilo 1.7, na kulifanyia kazi unahitaji karibu 4. Ukilitoboa kule chini, maji huingia kwa kishindo, kwa kuwa hewa ya ndani bado ina shinikizo lile la nje ya maji, dogo kuliko la kule chini. Hiyo ni burudani, lakini haina faida kwa uchongaji.

Meza nzuri kuliko zote ni kreti la soda. Vipande vya risasi vya kilo moja moja vitumbukize kwenye vyumba vya chupa, boga likae juu yake, halafu libane kwa mipira ya tyubu ile ya kufungia mizigo kwenye bodaboda, miwili ikipishana kama msalaba na mmoja ukizunguka kiunoni. Kamba ya katani huteleza ikilowa. Chini ya kreti tandika kipande cha zulia la plastiki, la sivyo utachubua vigae.

Visu

Kisu cha kuzamia kinachouzwa na vifaa vingine ni cha kukatia kamba na nyavu. Kwa boga ni kinene mno. Chukua bledi ya hekso, ikate kwa urefu wa sentimita 15, nusu yake izungushie mpira wa tyubu uwe mpini. Meno yaelekee kwako, yakate unapovuta. Ukikata kwa kusukuma, kwa kuwa majini huna uzito wa kukushikilia, utajisukuma nyuma wewe badala ya kukata boga. Ongeza kisu kidogo cha jikoni chenye ncha butu kwa kusafishia kona.

Kila chombo kifungwe uzi wa sentimita 60 kwenye kreti, kamwe kisifungwe kwenye kifundo cha mkono: ukilazimika kupanda ghafla utapanda na bledi inayoning'inia karibu na mipira ya reguleta, kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi. Vaa glavu nene mkono unaoshika boga. Boga moja, chombo kimoja nje kwa wakati mmoja, na watu wawili: mmoja anakata, mwenzake amekaa ng'ambo akilishika kwa viganja kwenye mashavu, asiguse upande unaotoboka.

Majini

Mliozoea Pemba au Tanga, punguzeni risasi za mkanda kwanza. Maji ya bwawa ni mepesi kuliko ya bahari kwa takribani asilimia 2.5, mtu na vifaa vyake wakifika kilo 100, ni kilo 2.5 za kuondoa. Kisha rudisha kilo moja hadi mbili kwa makusudi, ili ukipiga magoti ubaki umetulia. Jaketi la kuelea liwe tupu kabisa.

Kreti lishushwe na watu wawili, likiinamishwa njiani hewa itoke. Pigeni magoti, kreti kati ya mapaja ya anayekata, mapezi yavuliwe yabaki ukingoni kwa kuwa hapa yanakanyagana tu. Anza na vitu vidogo vya katikati, kama pua na mboni za macho, ukielekea nje, mdomo mwisho. Ukianza na mdomo, ukuta unalegea na kila mvuto wa msumeno unaofuata unatikisa uso mzima. Vuta mivuto mirefu ya taratibu. Unapohema kama mtu anayepasua kuni, simama, kwa sababu hewa ndiyo inayolipa.

Na hewa ihesabiwe. Mtungi wa lita 11, kutoka bar 200 hadi akiba ya bar 50, unatoa takribani lita 1,650. Mtu anayefanya kazi huvuta lita 30 kwa dakika. Kwa shinikizo la hewa la Arusha na mita mbili na nusu za maji, ni kama dakika 50. Zinatosha boga moja, kwa zamu mbili za dakika 25. Mitungi ijazwe kabla ya kupanda huku, isafirishwe imelazwa na kufungwa, isibiringike.

Vipande vilivyokatika mara nyingi huelea, ingawa vigumu vingine huzama. Mtu wa nje akae na kichujio au kipande cha chandarua akizoa vya juu. Huyo huyo ndiye mlinzi: anahesabu vichwa na kutazama saa. Kabla ya kutoa ishara yoyote, chombo kirudi kwenye kreti. Baridi nayo usiidharau. Bwawa la Arusha lisilopashwa moto, Juni na Julai, linataka suti ya milimita 3 walau, vidole vikifa ganzi ndipo mikono inapokatwa.

Mwinuko

Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi kati ya 800 na 900. Wazamiaji huhesabu mwinuko kuanzia mita 300. Ukiwa ndani ya mita 3 za bwawa, jambo hilo halikusumbui sana, lakini ukague kama kompyuta yako ya kuzamia inajirekebisha yenyewe. Jambo la kutazama ni barabara. Aliyezamia baharini asubuhi akapanda gari kurudi Arusha jioni ni sawa na aliyepanda ndege baada ya kuzamia: asubiri muda wa saa 12 baada ya mzamio mmoja wa kawaida, saa 18 kama alizamia mara kadhaa. Baada ya bwawani fuata saa hizo hizo kabla ya ndege, kabla ya kupandisha Ngorongoro, ambako ukingo uko karibu mita 2,300, na bila shaka kabla ya Kilimanjaro.

Kumaliza

Rudisheni visu kwanza, kisha boga, kisha watu. Pandeni polepole mkipumua kawaida. Boga likitoka majini huwa zito ghafla kwa maji yaliyomo, kwa hiyo liinamisheni limwagike kabla ya kulinyanyua juu ya ukingo. Wengi huvunjia kazi yao hapo. Weka taa ndani jioni ile ile, maana kwa joto la Moshi siku ya tatu ukungu umeshaingia. Kabla hamjaondoka, fungueni kapu la skima, kichujio cha uchafu wa juu ya maji, toeni nyuzi zilizoingia, na mwambieni mhudumu wa bwawa aangalie klorini kesho yake asubuhi: mabaki ya boga huila, na maji yanaweza kuanza kuchafuka wakati ninyi mmeshafika nyumbani.