Springi za mbele za lori: jinsi ya kuchagua kabla hujatoa pesa

Wenye malori wengi wanaokuja gereji hapa Nakuru huja na dawa yao tayari: "Fundi, mbele imelala, niongezee majani mawili," yaani mabamba mawili zaidi ya chuma kwenye springi. Ombi hilo naelewa linatoka wapi. Njia ya Kisumu kupitia Kericho ina matuta karibu kila soko, na ukiingia kuchukua miwa Muhoroni au Chemelil unaiacha lami kabisa. Lakini springi ya mbele huchaguliwa kwa kufuata uzito ulioko juu ya ekseli (mhimili wa magurudumu) ya mbele, na uzito huo wengi hawaujui. Anza hapo.

Hatua ya 1: Hakikisha springi ndiyo mbovu

Egesha lori tupu mahali tambarare, upepo wa matairi ukiwa sawa. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa chini wa chesesi, pembe zote nne. Springi ya nyuma iliyolala upande mmoja huvuta na pembe ya mbele, kwa hivyo ukipima mbele peke yake unaweza kununua kitu usichohitaji. Tikisa bushi, pini na shako (kiungo kinachoning'iniza mwisho wa springi) kwa mtaimbo. Bushi iliyokwisha hupiga kelele ile ile ya jani lililovunjika.

Kisha osha springi yenyewe. Ufa hupenda kujificha karibu na senta bolti (inayoshika majani pamoja katikati) na chini ya yubolti (bolti ya umbo la U inayofunga springi kwenye ekseli), mahali palipojaa tope na girisi. Angalia upande wa kushoto kwa makini zaidi: sisi tunaendesha kushoto, na gurudumu hilo ndilo linaloshuka kwenye ukingo wa lami uliomegeka.

Hatua ya 2: Jua uzito wa mbele

Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka, na ndiyo inayoamua kila kitu. Ukipita mizani ya Gilgil au Webuye, angalia uzito wa ekseli ya mbele peke yake. Uchukue ukiwa na mzigo wako wa kawaida, kisha uchukue tena lori likiwa tupu.

Sasa soma kibati cha mtengenezaji. Kinaonyesha uwezo wa ekseli ya mbele. Soma pia uwezo ulioandikwa ubavuni mwa tairi, uuzidishe kwa mbili kwa sababu ni wa tairi moja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaweka kikomo cha tani 8 kwa ekseli moja ya stelingi yenye matairi mawili. Katika namba hizo tatu, iliyo ndogo ndiyo kikomo chako. Springi nene haiiongezei ekseli uwezo hata kilo moja, wala haiongezi nguvu ya kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia), beringi au breki. Kama mizani inaonyesha umepita kikomo hicho, tatizo ni jinsi mzigo ulivyopangwa, na hakuna springi ya kulitibu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme mbele ina kilo 6,400 ukiwa na mzigo. Toa uzito usiobebwa na springi, yaani ekseli yenyewe, magurudumu na breki. Kwa lori kubwa tukadirie kilo 700. Zinabaki 5,700. Gawanya kwa mbili: kila springi inabeba 2,850. Mimi huongeza akiba ya asilimia 10 hivi, kwa sababu ukishika breki ukiteremka Sachangwan kuelekea Salgaa, uzito hukimbilia mbele. Kwa hiyo unatafuta springi ya kilo 3,100 hivi. Muulize muuzaji: namba yake imehesabiwa kwenye kiti cha springi (pale springi inapokaa juu ya ekseli) au chini kwenye tairi? Hizo ni namba mbili tofauti, na ukizichanganya utanunua springi isiyokufaa.

Hatua ya 3: Pima springi ya zamani

Usiende dukani na jina la lori tu. Lori la jina moja linaweza kuwa na springi tofauti kulingana na mwaka na chesesi. Andika upana wa jani, idadi ya majani, unene wa kila jani kwa kalipa, kipenyo cha jicho (tundu la mwisho wa springi) na cha pini. Urefu upime mara mbili: kutoka jicho la mbele hadi senta bolti, na kutoka senta bolti hadi jicho la nyuma. Mara nyingi vipimo hivyo viwili havilingani. Ukifunga springi ikiwa imegeuzwa, ekseli inasogea kutoka mahali pake. Weka alama ya rangi upande wa mbele kabla hujafungua chochote.

Hatua ya 4: Majani mengi au parabola?

Parabola ina majani machache, manene katikati na membamba miishoni, yasiyogusana ila katikati na kwenye ncha. Ni nyepesi, na dereva anayetoka Nakuru hadi Busia kwa lami atakushukuru. Ile ya majani mengi ina msuguano kati ya jani na jani, ni nzito na inatikisa zaidi, lakini jani moja likikatika mengine hukufikisha gereji. Kwa miwa, mchanga na kokoto mimi nachagua majani mengi bila kusita. Parabola usiiongezee jani la aina nyingine; haikuundwa hivyo.

Hatua ya 5: Ukitaka kuongeza nguvu

Kuna sababu za kweli za kuongeza: kreni iliyofungwa nyuma ya kabini, au bampa nzito ya chuma. Lakini elewa unachoongeza. Springi ya majani 8 yenye unene sawa, ukiiongezea la 9 linalolingana nayo, ugumu hupanda kwa takriban asilimia 12. Unene ni jambo jingine kabisa, kwa sababu ugumu hufuata unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe: jani la milimita 12 likibadilishwa na la 14, ugumu wa jani hilo hupanda karibu asilimia 59. Milimita mbili tu!

Springi iliyo ngumu kupita kiasi haikunjiki. Kishindo chote kinaenda kwenye chesesi, kwenye bano za springi na kwenye mgongo wa dereva, na lori likirudi tupu tairi la mbele linaruka badala ya kushika barabara. Mbele ikiinuka, mwinamo wa kingpini nao unabadilika na stelingi inakuwa nzito. Hapo itahitajika kabari ya kurekebisha, kati ya springi na ekseli, tena ikiwekwa kwa upande sahihi.

Hatua ya 6: Dukani

Tafuta muhuri wa aina ya chuma, kama SUP9. Kataa jani lenye alama yoyote ya welding. Kataa pia lile lililopashwa moto kwa gesi ili lirudishiwe upinde: chuma cha springi kikipata moto bila kupozwa na kupashwa tena kwa kipimo, kimepoteza kilichokifanya springi.

Kama ni mtumba, omba springi ifunguliwe. Paka mafuta ya taa katikati ya jani, subiri kidogo, lifute hadi likauke kabisa, kisha lisugue chaki nyeupe na uligonge kwa nyundo ndogo. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Muuzaji anayekukataza jaribio hilo, mwache.

Nunua jozi, kushoto na kulia. Nunua na yubolti mpya, senta bolti na bushi. Yubolti iliyokwisha kazwa imeshavutika, usiirudishe.

Hatua ya 7: Kufunga

Zuia magurudumu ya nyuma na uweke stendi chini ya chesesi; usitegemee jeki. Kaza yubolti kwa mtindo wa msalaba, kidogo kidogo, kwa kipimo cha mtengenezaji. Bushi za mpira zikazwe mwisho, lori likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zungusha stelingi hadi mwisho pande zote mbili uone kama mipira ya breki inavutika. Kaza yubolti tena baada ya safari ya kwanza ya mzigo, kisha peleka lori likapimwe alaimenti.