Kupiga picha dirishani mwa treni: reli za makorongo na reli za Aktiki

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia rafiki kupanga safari mbili: Durango hadi Silverton huko Colorado, Marekani, reli nyembamba iliyofika Silverton mwaka 1882, na Kiruna hadi Narvik, inayotoka Uswidi kuingia Norwe, kaskazini mwa Duara la Aktiki. Kamera anayo na anaijua. Kilichomsumbua ni upande wa kukaa.

1. Kata tiketi ya mchana. Korongo lenye kina hupata jua chini kwa saa chache tu, karibu na adhuhuri.

2. Chagua upande. Hapa usiharakishe, maana kiti kibaya hakiponywi na lenzi yoyote.

Kutoka Kiruna kwenda Narvik, kaa kulia. Ziwa Torneträsk liko upande huo, na ukishavuka mpaka wa Uswidi na Norwe pale Riksgränsen, treni ikianza kuteremka ubavuni mwa mlima, unauona mkono wa bahari wa Rombaken chini kabisa, kulia vilevile. Upande huo unatazama kaskazini. Jua la huko mchana huwa kusini, chini chini, kwa hiyo unaligeuzia mgongo na milima inang'aa mbele yako. Dirisha la kusini litakupa mwanga wa jua usoni mwa lenzi. Mwishoni mwa Desemba jua halichomozi kabisa. Hapo unabaki na mwanga wa buluu kwa saa chache, na mimi naupenda kuliko wa kiangazi.

Kutoka Durango kaa kulia pia, kwa ajili ya kipande kiitwacho High Line, ambako reli imechongwa kwenye mwamba juu ya mto Animas. Lakini reli za makorongo huvuka mto, na ukishavuka mandhari yanahama upande. Ndiyo maana kwenye korongo nashauri behewa la wazi lisilo na vioo, na treni ya Durango inayo.

Sasa angalia: "kulia" ni kulia kwa treni inakoelekea. Ramani ya viti unapokata tiketi haionyeshi kila mara kichwa cha treni kiko wapi. Tena kuna stesheni ambako treni huingia kwa kichwa na kutoka kwa mkia, na kulia kwako kunageuka kushoto. Dawa yake ni kuacha kulia na kushoto. Fungua ramani, fuata reli kwa kidole, andika "ziwa kaskazini", kisha ukiwa ndani ya behewa tumia dira ya simu. Hakikisha pia hujakaa penye nguzo kati ya madirisha mawili.

3. Ua mwakisiko wa kioo. Kitambaa cheusi kuizunguka lenzi, au kofia ya mpira inayogusa kioo. Chujio la kupunguza mng'ao liache nyumbani: linakula mwanga, na kwenye baadhi ya vioo linaleta mistari ya rangi.

4. Kasi ya shata 1/1000 ya sekunde. Fokasi iweke mbali kwa mkono.

5. Subiri kupishana. Reli ya Narvik kwa sehemu kubwa ni ya njia moja, na treni yako itasimama kupisha treni za madini ya chuma, hadi mabehewa 68 kwa mkupuo mmoja. Madini hayo ndiyo sababu ya reli yenyewe: bandari ya Narvik haigandi wakati wa baridi, ya Luleå, upande wa Uswidi, huganda. Treni ikisimama, kioo hakitikisiki. Piga hapo.

6. Aurora, ile mianga ya rangi kwenye anga la usiku la kaskazini. Usiihangaikie ndani ya treni. Inataka kamera itulie kwa sekunde kadhaa. Shuka Abisko, kituo kilicho kati ya Kiruna na Narvik.

7. Baridi. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kabla ya kuingia kwenye joto, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, nayo ikae humo hadi ipate joto la behewa. Umande utatua juu ya plastiki badala ya lenzi. Kadi ya picha itoe ukiwa bado nje, usije ukashawishika kuufungua mapema.